Uzito Kupanda Ghafla Baada ya Mazoezi: Je, Umenenepa?



Katika kliniki yetu ya presha na kisukari ipo mizani ya kusimamia, ya zamani kidogo lakini inasema kweli. Kwa miaka mingi nimewaona watu wakiipanda kwa matumaini na kushuka wakiwa wameinamisha kichwa. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo linalowavunja moyo wengi wanaoanza mazoezi, na ambalo nimeona likimfikisha mama mmoja kitandani.

Mama huyo, mwenye umri wa miaka 46, aliambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya presha. Alitii. Alijiunga na wenzake wanaokimbia mchakamchaka kila Jumamosi alfajiri. Jumamosi ya kwanza alijipima kabla ya kuondoka: kilo 84. Baada ya saa mbili za kukimbia na kupanda kilima alijipima tena: kilo 82.5. Alifurahi mno! Lakini Jumatatu asubuhi, mwili mzima ukimuuma, alipanda mizani akakuta kilo 85.2.

Alilia. Alijiona amejitesa bure. Siku hiyo na iliyofuata hakula chakula, akanunua dukani vidonge vya kuongeza mkojo bila kuandikiwa na daktari. Jumatano bintiye alimleta kwetu akiwa amemshika mkono, maana kila aliposimama aliona kizunguzungu na mara moja alikuwa ameanguka jikoni.

“Sista,” aliniambia, “mimi mazoezi yananinenepesha.”

Je, ni kweli? Hapana. Na kama angejua mambo machache tutakayoyaeleza hapa, asingeanguka.

MIZANI HUPIMA NINI?

Mizani haijui mafuta ni yapi. Inapima kila kilichosimama juu yake: mifupa, misuli, mafuta, damu, chakula kilicho tumboni, choo ambacho hakijatoka, mkojo ulio kibofuni, nguo na viatu. Zaidi ya yote inapima maji. Karibu nusu ya uzito wa mtu mzima, na kwa wengine hadi asilimia 60, ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukinywa nusu lita ya uji na kupanda mizani papo hapo, utakuwa umeongezeka nusu kilo. Hakuna atakayesema umenenepa kwa uji huo.

Jambo hili si geni. Katika Padua, mji wa Italia ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Mtakatifu Antoni, alifundisha daktari mmoja aitwaye Santorio Santorio (1561–1636). Alitengeneza kiti kilichoning’inizwa kwenye mizani kubwa. Alikuwa akijipima humo, akipima pia chakula na kinywaji chake, pamoja na choo na mkojo wake. Aliendelea hivyo kwa miaka ipatayo 30, na mwaka 1614 akatoa kitabu. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kile alichokula na kunywa haikutoka kwa choo wala mkojo, bali ilipotea bila kuonekana, kwa njia ya ngozi na pumzi. Basi hata mtu aliyekaa kitini uzito wake hupanda na kushuka mchana kutwa. Sembuse anayekimbia!

KWA NINI UZITO HUSHUKA MARA BAADA YA MAZOEZI?

Jibu ni jasho. Mtu anayefanya mazoezi makali anaweza kutoa nusu lita hadi lita mbili za jasho kwa saa moja, kutegemea joto, mwili wake na ukali wa kazi. Mama yetu alipoteza kilo moja na nusu kwa saa mbili, na karibu yote yalikuwa maji.

Tufanye hesabu kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya kilokalori 7,700 hivi. Mchakamchaka wa saa mbili, kwa mtu wa uzito wake, hutumia kilokalori 1,000 au zaidi kidogo. Hata kama zote zingetoka kwenye mafuta, angepunguza gramu 130 hadi 150 tu. Sehemu nyingine yote ilikuwa jasho, nalo lilirudi alipokunywa chai na maji.

KWA NINI HUPANDA SIKU YA PILI AU YA TATU?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Sababu ni hizi:

1. Misuli imeumia kidogo. Mazoezi ambayo mwili haukuyazoea, hasa kushuka mlima, huchana nyuzi ndogo sana za misuli. Hili si jambo baya. Ndivyo misuli inavyojengwa upya ikiwa na nguvu zaidi. Lakini wakati wa kujitengeneza, maji huvutwa kwenda mahali palipoumia, kama kidole kinavyovimba ukijigonga. Maumivu na uvimbe huo huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ndiyo maana Jumatatu ilikuwa mbaya kuliko Jumamosi.

2. Ghala la misuli linajazwa. Misuli na ini huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni, itokanayo na ugali, wali, ndizi, viazi na mkate. Mazoezi marefu huimaliza akiba hiyo kwa sehemu kubwa. Ukila, mwili huirudisha, na kila gramu moja ya glikojeni hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukirudisha gramu 300, maji yake ni karibu gramu 900. Jumla ni zaidi ya kilo moja, na hakuna hata kijiko cha mafuta ndani yake.

3. Figo zinabana maji. Ukipoteza jasho jingi, homoni huziamuru figo zihifadhi maji na chumvi. Ukila chakula chenye chumvi nyingi, mwili huhifadhi maji zaidi. Tena, katika siku za kwanza za kuanza mazoezi, majimaji ya damu huongezeka ili moyo uweze kufanya kazi yake vizuri.

4. Mambo ya kawaida ya mwili. Akina mama na mabinti wengi huongezeka uzito siku chache kabla ya hedhi kwa sababu ya maji. Anayefunga choo naye ataonekana amezidi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kutoka 82.5 hadi 85.2 ni kilo 2.7. Kama yangekuwa mafuta, ingebidi ale zaidi ya kilokalori 20,000 juu ya mahitaji yake kwa siku mbili. Hizo ni karibu kilo 6 za unga wa mahindi, mbali na chakula chake cha kawaida! Nilipomwambia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie kliniki.

Basi mkumbuke neno hili moja: uzito unaobadilika kwa siku moja au mbili ni maji. Mafuta huja polepole na kuondoka polepole. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza.

HATARI YA KUSHINDANA NA MAJI

Pengine utasema, “Kama ni maji, nitayatoa.” Usifanye hivyo! Wapo wanaokimbia juani wakiwa wamevaa masweta mawili au wamejifunga nailoni tumboni. Wapo wanaokataa kunywa maji, na wanaotumia dawa za kuharisha au za kukojoza. Mwishoni mwa mwaka 1997 nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo, vijana wenye afya, walifariki kwa nyakati tofauti katika muda wa wiki chache. Walikuwa wakijitahidi kupunguza uzito haraka kabla ya mashindano, kwa kufanya mazoezi mahali pa joto wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, na kwa kujinyima maji. Walichokuwa wanapoteza ni maji ambayo moyo na ubongo wao uliyahitaji.

Lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza mbio. Asilimia 13 yao walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damu, na waliokuwa wameongezeka uzito katikati ya mbio ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Walikunywa mengi kuliko jasho walilotoa. Chumvi ikipungua sana, ubongo huvimba, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata degedege na hata kufa.

Njia ya katikati ndiyo salama. Kunywa unapoona kiu. Baada ya mazoezi marefu, kwa kila kilo iliyopungua kunywa lita moja hadi moja na nusu, kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa, pamoja na chakula. Maji safi, uji, maziwa, supu au madafu vyote vinafaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize kwanza daktari wake kiasi cha kunywa.

NAMNA NZURI YA KUJIPIMA

- Tumia mizani ile ile, iliyowekwa juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Hakikisha inaanzia sifuri.
- Jipime asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi bila viatu.
- Mara moja kwa wiki inatosha. Chagua siku ambayo haifuati mazoezi makali.
- Andika katika daftari. Usilinganishe jana na leo. Linganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.
- Pima pia kiuno kwa futi ya kamba ya fundi cherehani. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Mara nyingi gauni au mkanda husema ukweli kabla ya mizani.

Tena ninyi wazazi, msiwatanie mabinti zenu kwa sababu ya uzito. Binti anayejipima mara tano kwa siku na kukataa chakula hahitaji kuchekwa, anahitaji kusikilizwa na kusaidiwa.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Si kila mabadiliko ya uzito ni ya kupuuzwa. Njoo bila kuchelewa ukiona:

- Baada ya mazoezi makali mkojo unakuwa wa rangi nyeusi kama chai ya rangi au kola, na misuli inauma kupita kiasi. Huenda misuli imevunjika kwa wingi, na figo zinaweza kuharibika.
- Wakati wa mazoezi au baada yake mtu anaumwa kichwa sana, anatapika, anachanganyikiwa au kuanguka.
- Uzito unapanda kilo 2 au zaidi kwa siku tatu, hasa kwa mgonjwa wa moyo, miguu inavimba, au pumzi inabana ukilala. Haya pia ni maji, lakini ni maji ya ugonjwa.
- Uzito unapungua wiki hadi wiki bila wewe kutaka. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku, upimwe kifua kikuu. Ukiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, upimwe sukari. Ni vyema kupima pia virusi vya UKIMWI, kwani siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi.

Inanisikitisha kwamba wengi hulia kwa kilo moja ya maji iliyoongezeka Jumatatu, na hao hao hufurahia kilo nane zilizopotea bila sababu, wakisema “nimepungua vizuri,” kumbe ni ugonjwa.

Mama yetu alipumzishwa siku moja, akanyweshwa maji, akaacha vile vidonge na kurudia dawa zake za presha kama alivyoandikiwa. Nilimwomba asipande mizani kwa wiki mbili. Aliendelea na mchakamchaka, akapunguza sukari katika chai na mafuta katika mboga. Baada ya miezi mitatu alikuja na daftari lake: kilo 80.5, na kiuno kimepungua sentimita 6. Katikati ya daftari zilikuwapo wiki nne ambazo uzito ulipanda. Nilimwuliza alijisikiaje wiki hizo.

“Nilijiambia ni maji, Sista,” alinijibu, “nikavaa raba zangu nikaenda.”

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Tukutane toleo lijalo.