Jarida Lipi Tumpe Msomaji Mdadisi?



Katika parokia za Babati na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kwaraa, wazazi na walimu hutuletea mara kwa mara swali la namna moja. Wana kijana nyumbani asiyeacha kuuliza. Kwa nini Mgorowa na Mwiraqw husikilizana wakizungumza, ilhali Mbarbaig na Mmbugwe wa jirani wana lugha za asili nyingine kabisa? Nani alichora michoro ya mapangoni kule Kolo, kando ya barabara iendayo Kondoa? Mzazi ana fedha kidogo, na angependa kumpatia mwanawe jarida la historia na utamaduni la kusoma wakati wa likizo. Achague lipi?

Jibu la haraka lingekuwa kwamba jarida lolote linafaa, mradi halina picha chafu. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa katika eneo letu hili la Afrika ya Mashariki majarida yamepata kuwafundisha watu kujiheshimu, na yamepata pia kuwafundisha kudharauliana.

Tuanze na mfano wa karibu. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, huko Engaruka wilayani Monduli, yako magofu ya vijiji vya mawe, pamoja na mashamba yaliyokuwa yakimwagiliwa kwa mifereji. Mwaka 1936 toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha taarifa fupi ya Louis Leakey, aliyekuwa ameyachunguza magofu hayo mwaka uliotangulia. Yeye alikadiria kwamba palikuwa na mji mkubwa wa watu zaidi ya 30,000. Habari hiyo ilivutia, ikasambaa, na wengi wakaikariri. Miaka mingi baadaye John Sutton akaandika upya kuhusu Engaruka katika jarida la Azania, lililoanzishwa mwaka 1966 na Taasisi ya Uingereza katika Afrika ya Mashariki. Utafiti wake ulionesha kwamba waliokuwa wakiishi pale ni elfu chache tu, na kwamba kilichostahili kushangaliwa ni ustadi wao wa kuyaongoza maji hadi mashambani. Kwa hiyo msomaji aliyesoma la kwanza peke yake alipata ajabu, na aliyesoma yote mawili akaona jinsi ukweli unavyotafutwa.

Hapo ndipo tunapopata kipimo chetu cha kwanza, na kwa maoni yetu ndicho kikubwa kuliko vyote: je, jarida hili linakubali kusahihishwa? Lina barua za wasomaji? Huchapisha makala inayopinga makala ya jana? Kitabu kikishatoka kimetoka, lakini jarida lina toleo lijalo. Lisiloitumia nafasi hiyo kamwe, tulitilie shaka hata kama picha zake zinang'aa.

Kwa kutokusahihishwa mapema, nadharia moja iliwaumiza watu wetu kwa karibu karne nzima. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitokana na wageni kutoka kaskazini-mashariki. Mwaka 1930 Charles Seligman akalieneza wazo hilo kwa bara zima, akifundisha kwamba kila ustaarabu wa maana Afrika uliletwa na "Wahamiti". Majarida ya wakati ule yaliipokea nadharia hiyo kama elimu. Hapa kwetu Wairaqw na Wagorowa wakaitwa Wahamiti, Wabarbaig wakaingizwa katika kundi la "Waniloti-Wahamiti", na Wambugwe na Warangi wakabaki Wabantu. Mtaa mmoja wa Babati ungeweza kugawanywa hivyo katika madaraja matatu! Wataalamu wa lugha, hasa Joseph Greenberg katika miaka ya 1950 na 1960, waliitupilia mbali hesabu hiyo. Leo Kiiraqw na Kigorowa huwekwa miongoni mwa lugha za Kikushi. Jina hilo linahusu lugha tu. Halisemi lolote kuhusu nani ana akili zaidi au nani alizaliwa kutawala.

Mahali pengine nadharia hiyo hiyo ilizaa kifo. Huko Rwanda jarida la Kangura lilichapisha, mwezi Desemba 1990, zile zilizoitwa "Amri Kumi za Wahutu", likiwafundisha wasomaji wake kumwona Mtutsi kuwa mgeni na adui. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mhariri wake, Hassan Ngeze, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Tarehe 3 Desemba 2003 alitiwa hatiani, pamoja na wenzake wawili wa redio ya RTLM. Mmoja wa hao wawili, Ferdinand Nahimana, alikuwa amesomea historia na kuifundisha chuo kikuu. Mwaka 2007, katika rufaa, baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, kile cha Ngeze kikawa miaka 35. Tunayaeleza haya kwa uwazi kwa sababu wapo wanaosema kwamba habari za makabila na asili zao ni burudani tu ya wazee.

Kanisa nalo lisijiweke kando. Padre Wilhelm Schmidt alianzisha jarida la Anthropos mwaka 1906, na wamisionari wengi walikusanya humo lugha, sala na desturi ambazo pengine zingepotea. Ni hazina kweli. Lakini Padre Schmidt alikuwa na wazo lake alilotaka kulithibitisha, kwamba imani katika Mungu mmoja ndiyo iliyokuwa dini ya kwanza ya wanadamu wote, na mara nyingine ushahidi ulivutwa upande huo. Waliomfuata katika jarida lilelile waliliacha wazo lake polepole. Katika barua yake ya tarehe 21 Novemba 2024 kuhusu kufufua masomo ya historia ya Kanisa, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alituonya tusijiundie picha ya Kanisa la kimalaika mno, lisilo na doa wala kunyanzi. Basi jarida la Kikatoliki nalo lipimwe kwa kipimo kilekile.

Kipimo cha pili ni kuuliza ni nani anayesema. Makala inapoeleza kwamba Wairaqw humwita Mungu Looa na humwona kama mama, je, mwandishi anataja ni wapi alisikia hayo na kutoka kwa nani? Au anaandika tu "inaaminika kwamba"? Maneno hayo mawili tumekutana nayo mara nyingi mno, na kwa kawaida nyuma yake hakuna mtu.

Hapa tulisifu kidogo Mambo Leo, ingawa lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na halikuficha hivyo. Lilianza mwaka 1923, na pamoja na matangazo ya watawala liliwapa Waafrika wenyewe kurasa za kuandika mashairi, barua na historia za kwao. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha mashairi humo. Anayelisoma leo alisome kwa macho mawili, moja kwa sauti ya serikali na moja kwa sauti ya mwananchi iliyopenya katikati yake.

Sasa tuje kwenye majina, maana mzazi hawezi kununua vipimo. Kwa kijana anayesoma Kiswahili vizuri tungeanza na Mulika, jarida lililoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu lugha na fasihi, na halimtishi asiye mtaalamu. Jarida la Kiswahili la chuo hichohicho ni zito zaidi, limfae mwalimu au mwanafunzi wa chuo. Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, husomwa bure kwa intaneti, na baadhi ya makala zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa anayemudu Kiingereza, Tanganyika Notes and Records lina mengi yanayotuhusu, na toleo la 29 la mwaka 1950 lilihusu michoro ya miambani, hasa ile ya Kondoa iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ila mtoto asiachiwe matoleo hayo ya zamani peke yake, kwa sababu tulizozieleza. Old Africa, la Kenya, lililoanza mwaka 2005, lina simulizi tamu na picha nzuri. Nyingi ni kumbukumbu za familia za walowezi na wamisionari, basi msomaji ajiulize mpishi wa familia ile angesimulia nini. Na gazeti letu la Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, lisidharauliwe. Matoleo yake ya zamani ni historia ya parokia zetu wenyewe, nasi tunasikitika kila tuonapo yamefungiwa vitumbua.

Yako pia majarida ya bure yanayoletwa mlangoni, yenye makala fupi za kupendeza kuhusu wanyama, nchi na mila. Hatusemi kila kilichomo ni uongo. Tunasema mzazi aulize ni nani amelipia karatasi, na baada ya makala ya twiga inafuata makala gani.

Wengine wataona hatari ni nyingi, heri kijana asome Katekisimu tu. Hatukubaliani nao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unatambua uhuru halali wa kutafiti na kufikiri. Kijana anayenyimwa kusoma haachi kuuliza, bali huenda kujibiwa kijiweni au katika video za simu, ambako hakuna toleo lijalo la kusahihisha.

Kuhusu gharama, jarida moja linaweza kununuliwa na jumuiya nzima na kuzunguka nyumba kwa nyumba, kisha likahifadhiwa katika kabati la parokia mbali na mchwa. Makala inayogusa mila za hapa isomwe kwa sauti mbele ya wazee. Ikieleza habari za slufay, ile sala ndefu ya baraka ya Wairaqw, asikilize mzee anayeweza kuitamka mwenyewe; naye akisema, "Hapa wamekosea," kijana aandike pembeni ya ukurasa, kwa kalamu ya wino, maneno ya mzee, jina lake, kijiji chake na tarehe.