Samaki wa mapezi marefu: pambo la nyumba, amana ya familia

Samaki mpiganaji ni kiumbe mdogo asiyezidi urefu wa kidole, lakini mapezi ya dume hufunguka mithili ya kanga upeponi. Asili yake ni Thailand na nchi jirani, katika madimbwi na mashamba ya mpunga. Huko alifugwa tangu zamani ili apiganishwe, na watu wachezee kamari. Mapezi marefu yalipatikana baadaye, wafugaji walipochagua mbegu kizazi baada ya kizazi.

Kwa Muislamu, kamari ni haramu, na wanazuoni wamekataza kuwapambanisha wanyama. Kumfuga kwa kumtazama ni jambo jingine, maadamu haki yake inatimizwa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Samaki aliye ndani ya kioo naye hana pa kujitafutia.

Haki ya kwanza ni nafasi. Chupa ya jamu si makazi. Tangi la lita 20 linamfaa. Dume akae peke yake, kwani madume wawili huraruana hadi kifo. Samaki huyu huvuta pia hewa ya juu ya maji kwa kiungo maalumu kilichomo kichwani, hivyo maji yasijae hadi ukingoni. Tangi lifunikwe kwa kifuniko chenye matundu, maana huruka. Mapezi marefu humchosha, basi maji yasiende kwa kasi, na mapambo yenye ncha kali yasiwekwe.

Haki ya pili ni maji safi. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumika. Kila wiki ibadilishwe robo ya maji, wala si yote kwa mara moja. Sabuni isiguse tangi kamwe. Mapezi yakianza kuchakaa na kumeguka kingoni, chunguza maji kwanza. Anahitaji joto la nyuzi 24 hadi 28. Kwa hiyo usiku wa Juni na Julai, baridi ya Uluguru inaposhuka mjini Morogoro, tangi lisikae dirishani, na kipasha joto kinahitajika.

Haki ya tatu ni chakula. Yeye hula wadudu. Viluwiluwi vya mbu ni karamu kwake. Apewe kidogo mara moja au mbili kwa siku, si makombo ya mkate wala ugali. Chakula kilichobaki huoza na kuchafua maji.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko tangi. Mkichoka kumfuga, msimmwage mtoni. Vijito vya Uluguru huingia Mto Ngerengere na Bwawa la Mindu, kisha Ruvu, vikiwa na samaki wake wa asili. Sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aina nyingi za furu zilitoweka. Mpeni jirani anayeweza kumtunza.

Mzazi, kabla ya kununua, mwulize mwanao nani atabadilisha maji wiki ijayo, na wiki ile familia itakaposafiri. Jibu lisipopatikana, samaki na abaki dukani kwanza.