Mvuke wa Maharage na Bei ya Mkaa

Sufuria ya maharage iliyoinjikwa saa tisa alasiri katika ua wa nyumba ya mjini huweza kuwa bado iko motoni jua linapotua. Mfuniko hugonga-gonga, povu humwagika juu ya makaa, na kila baada ya muda mpishi huongeza kata moja ya maji baridi na kupepea moto upya. Anayepita nje husikia mtokoto huo na kuamini kwamba chakula kiko mbioni kuiva. Kwa kweli sehemu kubwa ya mkaa unaoungua katika saa hizo haiivishi maharage. Hutengeneza mvuke.

Hilo si jambo dogo katika nyumba inayonunua mkaa kwa kopo, siku kwa siku. Bei ya mkaa inapopanda, chakula kinachoachwa kwanza huweza kuwa si kile kilicho ghali sokoni, bali kile kinachokula moto mwingi. Maharage na makande ni miongoni mwa vyakula hivyo. Familia ikiacha kupika maharage kwa sababu ya mkaa, watoto hupoteza protini iliyo rahisi kuliko zote kupatikana, nayo hasara hiyo haionekani katika hesabu yoyote ya matumizi ya nyumba. Kwa hiyo yafaa kuchunguza mkaa huo unakwenda wapi.

Maji yanapopashwa moto, halijoto yake hupanda mpaka kufikia kiwango cha kuchemka. Katika usawa wa bahari, kama vile Tanga au Dar es Salaam, kiwango hicho ni nyuzi 100 za Sentigredi. Yakishafika hapo, katika sufuria ya kawaida, hayapandi tena, hata moto ukichochewa maradufu. Joto lote linaloongezwa baada ya hapo hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto hilo kwenda hewani. Harage lililo ndani ya sufuria halitambui tofauti kati ya maji yanayotokota taratibu na maji yanayoruka-ruka hadi ukingoni, maana yote mawili yana nyuzi zile zile. Kinachoivisha harage ni kukaa katika joto hilo kwa muda wa kutosha: gundi inayoshikanisha chembe zake iyeyuke, na wanga ulio ndani unywe maji na kuvimba. Mabadiliko hayo yanahitaji saa nyingi, lakini joto lenyewe linalomezwa nayo ni kidogo sana.

Hesabu yaweza kufanywa na yeyote. Kupasha lita 3 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kwahitaji kilojuli 940 hivi za joto. Kugeuza lita 1 tu ya maji yanayochemka kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2,260. Maana yake ni kwamba lita moja inayopotea hewani imegharimu zaidi ya mara mbili ya joto lililochemsha sufuria nzima. Sasa, kilo 1 ya mkaa mkavu ina kilojuli 30,000 hivi, lakini jiko la kawaida la bati huingiza sufuriani kama sehemu moja ya tano tu ya joto hilo. Sehemu nyingine hupasha bati, upepo na miguu ya mpishi. Kwa jiko la namna hiyo, lita moja ya mvuke imekula gramu 380 hivi za mkaa. Mpishi anayeongeza maji mara kwa mara hadi kufikisha lita mbili jioni moja amechoma robo tatu ya kilo ya mkaa bila kuongeza ladha wala ulaini.

Mkaa huo nao ulitoka mahali. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kwa kawaida huhitajika kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa, kutegemea ukavu wa kuni na ustadi wa mchomaji. Robo tatu ya kilo iliyopotea katika mvuke ilikuwa, msituni, kilo 4 na zaidi za mti. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni 1 hivi za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake katika Dar es Salaam peke yake. Kiasi kikubwa hivyo hujengwa na makopo madogo madogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jambo la kushangaza ni kwamba ujuzi wa kuzuia hasara hii umo jikoni tayari, ila hutumiwa kwa wali na kusahauliwa kwa maharage. Mpishi wa pwani anapopika wali hauachi juu ya moto mkali mpaka mwisho. Maji yakikaribia kukauka, hupunguza makaa ya chini, hufunika vizuri na kupalia makaa machache juu ya mfuniko. Wali humalizika kuiva kwa joto lililofungiwa ndani. Hakuna atakayemwambia mpishi huyo kwamba moto mkali ungeivisha wali wake haraka, anajua ungeuunguza. Maharage, kwa kuwa yana maji mengi, hayaungui upesi, na kwa hiyo hayamwonyi mpishi. Adhabu huja baadaye, kwa muuza mkaa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kufunga mlango wa hewa wa jiko au kupunguza makaa mara tu maji yanapoanza kuchemka sawasawa, kiasi cha kubakiza mtokoto mdogo usiokoma. Ya pili ni mfuniko unaokaa vizuri. Mvuke ukigusa mfuniko hugeuka tena kuwa maji na kudondoka sufuriani, hivyo maji hayapungui upesi. Wapishi wengine huweka juu ya sufuria chombo kingine chenye maji mahali pa mfuniko. Mbinu hiyo ni nzuri mno: joto ambalo lingepotea hupasha maji ya pili, na maharage yakihitaji kuongezewa, huongezewa maji ya moto. Kila kata ya maji baridi hushusha halijoto ya chungu kizima, na sehemu ya kazi ya moto huanza upya.

Hapa pana onyo. Katika nyumba kadhaa za mjini umekuwapo mtindo wa kutandaza mfuko wa plastiki juu ya maharage chini ya mfuniko, ili mvuke usitoke. Kwa fizikia mtindo huo hauna kosa, lakini mifuko hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya joto la namna hiyo, na viambato vyake huweza kuingia katika chakula. Jani la mgomba hufanya kazi ile ile bila hatari yoyote. Watu wa Kagera wamelitumia kufunikia ndizi zao vizazi na vizazi.

Maandalizi kabla ya moto yana uzito sawa na moto wenyewe. Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha, kwa saa 8 hadi 12, hunywa maji karibu ya uzito wake. Kazi ya kupenyeza maji hadi katikati ya punje, ambayo ingefanywa na mkaa, hufanywa bure na usiku. Maji ya kulowekea humwagwa, na maharage huinjikwa katika maji mapya. Umri wa maharage nao ni wa kutazamwa. Yaliyokaa ghalani miezi mingi penye joto na unyevu huwa magumu kwa namna ambayo kuloweka hakuondoi kabisa, hivyo bei nafuu sokoni huweza kuwa ghali jikoni. Nyanya na limau zisitiwe mapema, kwa kuwa ukali wake huizuia ile gundi ya chembe kuyeyuka. Ziongezwe punje zikishalainika. Magadi hufanya kinyume: huharakisha kulainika, lakini huharibu vitamini B1. Anayeloweka vizuri hana haja nayo.

Wakaazi wa nyanda za juu wana mzigo wa ziada. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Mjini Mbeya, ulio kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage yale yale ya pwani huchukua muda mrefu zaidi. Kuchochea moto hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni sufuria ya presha, ambayo kwa kuufungia mvuke hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 na kupunguza muda wa kupika hata kufikia theluthi yake au chini ya hapo.

Lakini si kila nyumba inaweza kununua sufuria ya presha. Kwa wale wasioweza, iko njia ya zamani inayostahili kuenea kuliko ilivyo sasa, nayo ni kapu la kuhifadhia joto. Ikiwa kazi ya maharage ni kukaa tu katika maji ya moto, hapana sababu ya kuyaweka juu ya moto muda wote. Yatosha kuuzuia joto usitoroke. Huchukuliwa kapu kubwa au sanduku, likatandikwa ndani nyasi kavu, maranda ya seremala au matambara, unene wa kiganja kila upande, na kuachwa shimo la ukubwa wa sufuria. Hewa iliyotulia kati ya nyuzi za vitu hivyo ndiyo inayozuia joto, kama blanketi linavyofanya kwa mtu aliyelala. Sufuria ikiipuliwa inachemka, huingizwa humo na mfuniko wake, kisha hufunikwa kwa mto mnene uliojazwa vitu hivyo hivyo. Ikiachwa saa 3 au 4 bila kufunuliwa, maharage yasiyozeeka huiva bila kipande kimoja zaidi cha mkaa, na mpishi huwa amekwenda shambani, sokoni au kwenye masomo.

Kapu lina masharti mawili, na yote mawili ni ya afya. La kwanza lahusu sumu. Maharage mengi, hasa mekundu, yana protini ya asili iitwayo lektini, ambayo ikiliwa mbichi huleta kutapika na kuharisha katika muda wa saa chache. Mchemko kamili huiharibu. Joto la vuguvugu haliiharibu, na huweza hata kuifanya kali zaidi. Kwa sababu hiyo maharage yaliyolowekwa hayana budi kuchemka hasa juu ya moto, dakika 20 hadi 30, kabla ya kuingia kapuni. Huo ndio mkaa usioepukika, na kuubana ni kubania mahali pasipostahili. Sharti la pili ni kwamba chakula kisikae kapuni hadi kipoe. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 60, bakteria huanza kupata nafasi ya kuzaliana. Sufuria itolewe ingali ya moto wa kuchoma mkono, na chakula kichemshwe tena kidogo kabla ya kupakuliwa. Kapu lililojaa nusu nalo halifai, kwa kuwa sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi.

Jiko lenyewe limekwisha kuandikwa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, mafundi wa bati na wafinyanzi waliunganisha fani zao wakatengeneza jiko lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo uliochomwa, wakichukua sehemu ya fikra hiyo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Udongo huo huzuia joto lisitoke ubavuni, na jiko zima hutumia mkaa pungufu sana kuliko lile la bati tupu. Majiko ya namna hiyo yalifika Tanzania na kuitwa majiko bora. Hata hivyo jiko bora lenye sufuria isiyofunikwa, moto ukipepewa wakati wote, huipotezea nyumba sehemu kubwa ya faida iliyolipiwa dukani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Gesi na umeme havibadilishi tabia ya maji. Mwali wa gesi unaozidi baada ya mchemko hutengeneza mvuke ule ule, na mtungi huisha kabla ya mwezi. Jiko la umeme la presha, kwa upande wake, limeunganisha karibu yote yaliyosemwa hapa: lina mfuniko usiovuja, kuta zenye kuhifadhi joto, na moto unaojizima wenyewe shinikizo likitosha. Nusu kilo ya maharage huiva humo kwa chini ya uniti 1 ya umeme.

Kwa wanaoendelea kutumia mkaa yamebaki makaa ya mwisho, yale yanayowaka baada ya chakula kuipuliwa. Yakiachwa huungua hadi majivu bila faida. Yakimwagiwa maji huzimika, lakini kesho yake moto utatumika kwanza kuyakausha. Njia bora ni kuyatia kwa koleo katika debe lenye mfuniko wa kubana, au kuyafukia katika majivu, ili yakose hewa. Huzimika yakiwa makavu, tayari kwa asubuhi. Kazi hiyo ifanyike nje. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza Njombe na Makete, hushawishi mtu kuliingiza jiko chumbani ili makaa hayo yapashe watoto wanaolala. Makaa yasiyotoa moshi wala mwali hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mwenye kulala haamki kwa kukohoa, maana hakuna kinachomkera, hulala tu.