Unga Ukirudishwa, Kijijini Tutajuaje?

Ndugu zetu wa vikundi, hapa Makueni na Kitui hatujasahau mwaka 2004. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa kwetu, kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu hii hutoka kwa kuvu inayoota mahindi yakiwekwa na unyevu. Kupika hakuiondoi.

Novemba 2019, shirika la serikali la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi na kuagiza pakiti ziondolewe madukani. Tangazo kama hilo hupita redioni, halafu basi. Kwa hivyo kila kikundi kichague mtu wa kusikiliza na kuwaambia wengine. Pakiti ya unga msitupe mpaka unga uishe, maana ndiyo ina jina na nambari.

Lakini gunia la sokoni au la ghala letu halina jina, na hakuna atakayelitangaza. Hilo ni letu. Tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika chupa, mahindi hayajakauka: yaanikwe tena juu ya turubai, si mchangani. Yaliyoota kuvu tusile, wala tusipe kuku na ng'ombe.