Kasino za Mtandaoni "Zinazolipa": Je, Orodha Nyeusi Inaondoa Dhulma?

Alhamdulillah, sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Maswali ya kamari za kwenye simu yanatujia kwa wingi, kutoka Unguja na Pemba, na siku hizi yamegeuka sura. Zamani kijana aliuliza kama inafaa kucheza. Sasa anajua haifai, lakini anakuja na hoja: kuna kasino za kitapeli, na wachezaji wamezitaja katika orodha nyeusi ili watu wazikwepe. Basi akichagua ile ambayo haimo humo, inayolipa kwa wakati, dhulma imetoka wapi?

Tuanze na haki ya orodha hizo, maana si uongo mtupu. Wachezaji huandika humo kasino iliyokataa kumtolea mtu pesa zake, iliyobadilisha masharti baada ya mtu kushinda, au inayodai kitambulisho leo, kesho ikadai picha nyengine, mpaka mtu achoke. Mwaka 2007 wachezaji wa karata wa kampuni ya Absolute Poker ndio waliokaa wakachambua kumbukumbu za michezo yao, wakagundua kuwa kuna aliyekuwa akiziona karata za wenzake. Hilo lilikuwa kweli, na waliolifichua ni wachezaji.

Lakini kutokuwemo katika orodha si ushahidi wa uaminifu. Kampuni ya Full Tilt Poker ilikuwa na leseni ya Alderney, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa, na wachezaji mashuhuri ndio walioitangaza. Septemba 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kuwa mwisho wa Machi mwaka huo wachezaji waliidai takriban dola milioni 390, na benki zilikuwamo kama milioni 60 tu. Aliyeiamini kwa jina lake alikuwa sawa na aliyeingia kichochoroni usiku.

Na nani anayeandika orodha? Kurasa nyingi zinazopanga kasino nzuri na mbaya hulipwa kamisheni na kasino hizo hizo, na mara nyingi kamisheni yenyewe ni fungu la kile alichopoteza mchezaji waliyempeleka. Yaani anayekuonyesha mlango salama anakula katika hasara yako. Hatuzitaji hapa kwa majina; atakaye kuzitafuta tusimsaidie.

Sasa tuje kwenye ile kasino iitwayo ya kweli, kwani hapa ndipo vijana wetu wanapokwama. Chukueni gurudumu la namba, lenye vyumba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 katika kila chumba, umetoa 37,000. Namba moja itashinda bila shaka, nawe utapewa 35,000 pamoja na ile 1,000 yako. Jumla 36,000. Hakuna aliyeiba, hakuna hila, na shilingi 1,000 imebaki kwao. Mchezo wa kindege, Aviator, mtengenezaji wake mwenyewe anatangaza kuwa unarejesha asilimia 97. Kijana akiweka 1,000 mara elfu moja, na raundi zenyewe ni za sekunde, amezungusha milioni moja na kwa wastani ameacha 30,000. Na "bonasi" je? Ukipewa 100,000 kwa sharti la kuizungusha mara 35, utacheza milioni tatu na nusu kabla ya kuruhusiwa kutoa. Kasino inayobakisha asilimia 4 itakuwa imetarajia 140,000 kwako. Zawadi gani hiyo?

Kwa hiyo orodha nyeusi inamtaja anayechukua kwa kuvunja masharti. Anayechukua kwa masharti yake mwenyewe hamo, wala hatatiwa. Na hukumu ya kamari katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, haikufungwa na kuwa mshindi amelipwa au hakulipwa. Sababu zilizotajwa ni uadui, chuki, na kuzuiwa na dhikri na sala. Kuridhiana hakuihalalishi, kama kusivyohalalisha riba. Kasino tapeli ina madhambi mawili, na ile "nzuri" ina moja; moja hilo linatosha.

Wazee nao wanatuuliza juu ya pesa zilizokwama. Kile alichoweka kijana na hakijachezwa ni mali yake, akidai hana dhambi. Kilichozidi kwa ushindi si chake. Kikimfikia akitoe kwa mafukara au maslahi ya watu, kwa nia ya kujisafisha, bila ya kutaraji thawabu za sadaka. Akiambiwa atume kwanza "ada ya kutolea" au "kodi" ndipo afunguliwe, asitume hata senti: huo ni wizi wa pili juu ya wa kwanza. Vivyo hivyo wale wanaouza kwenye Telegram programu ya "kutabiri" kindege. Angekuwa anajua kitakapoanguka, asingehitaji elfu kumi zako.

Hifadhini ujumbe na risiti za miamala, badilisheni namba ya siri (khasa kama simu ni ya mama), mripoti Polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi Zanzibar. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe itumeni 15040.

Kuna jambo limetusikitisha: familia zinanyamaza, zikisema kumtaja tapeli ni kusengenya. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, ameeleza sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake, na kuwahadharisha Waislamu ni mojawapo. Basi itajeni kasino iliyokula ada ya skuli ya mtoto, mtajeni na wakala aliyewaingiza vijana wa mtaa. Aibu ya kijana wenu isitireni: msitaje jina lake barazani, na msimfukuze nyumbani, maana akitoka hapo aendako ni kwa waliomfundisha.

Wallahu a'lam.