Taka za neva hurudi kwa miguu

Seli ya neva inayochezesha kidole gumba cha mguu ina kiini chake ndani ya uti wa mgongo, usawa wa kiuno. Mkia wake, yaani aksoni, huteremka pajani na kupita goti hadi unyayoni. Kwa mtu mzima safari hiyo hukaribia mita 1, na mkia wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Seli ya ngozi ikichakaa hupukutika na nyingine ikachukua nafasi yake, lakini seli hii haijigawi: mtu huzaliwa nayo na huzikwa nayo. Protini zilizokunjika vibaya na mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizochoka zisipoondolewa, hurundikana humo humo.

Kazi ya kuziondoa huitwa otofajia, seli kujila yenyewe. Kwenye ncha ya aksoni, utando mwembamba huchipuka, hujipinda kuzunguka taka, na kingo zake zikikutana hubaki kifuko chenye kuta mbili. Kifuko hicho peke yake hakimeng'enyi kitu. Vimeng'enya vikali vimo ndani ya lisosomu, vijumba ambavyo Christian de Duve wa Ubelgiji alivieleza mwaka 1955, na vilivyokomaa hukaa zaidi upande wa kiini. Kwa hiyo mzigo hauna budi kusafiri.

Njia yake ni mikrotubuli, vijiti vya protini vilivyolazwa kuelekea upande mmoja kutoka kiini hadi ncha. Juu yake hutembea protini za aina mbili. Kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 kutoka kwenye neva za ngisi, huenda nje ikipeleka vifaa vipya. Ina miguu miwili inayopishana, na kila hatua ni nanomita 8. Daineini hurudi ndani, na hiyo ndiyo inayoburuta vifuko vya taka. Katika neva za panya zilizooteshwa maabarani, vifuko huenda takriban nusu maikromita kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mita 1 ingechukua zaidi ya wiki tatu. Humo njiani kifuko huungana na lisosomu, ndani yake huzidi kuwa na asidi, na kinapokaribia kiini mzigo umeshavunjwavunjwa kuwa asidi amino za kujengea protini mpya.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walizima jeni za otofajia katika ubongo wa panya. Panya wale walishindwa kutembea sawasawa, na seli zao za neva zikajaa madonge ya protini. Jeni za aina hiyo zilifichuliwa kwanza kwenye hamira na Yoshinori Ohsumi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Neva, basi, hujisafisha yenyewe kwa ndani, na hapo ndipo uongo wa wanaouza tiba za "kuzibua mishipa ya fahamu", yaani neva, unapoanguka. Neno mishipa limewaponza wengi: mshipa wa damu ni bomba na waweza kuziba, lakini neva si bomba, na hakuna chai inayopita ndani yake kuifagia. Kibaya zaidi ni beseni la umeme. Mgonjwa hutumbukiza miguu katika maji ya chumvi, na baada ya nusu saa maji yamekuwa ya kahawia. Huambiwa hiyo ni sumu iliyotoka kwenye neva. Ni kutu. Umeme umekula vyuma vya mashine, na maji yangegeuka vivyo hivyo bila mguu wowote ndani. Kumtoza mgonjwa kwa kumwonyesha kutu ni wizi.

Kwenye faida ni kwingine. Kisukari huumiza kwanza neva ndefu, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Sukari idhibitiwe na nyayo zikaguliwe kila siku. Sumu ya pepopunda nayo hupanda kwa njia ile ile ya daineini, na chanjo huizuia. Virusi vya kichaa cha mbwa hufanya hivyo pia, ndiyo sababu kuumwa usoni, karibu na ubongo, huua haraka kuliko kuumwa mguuni. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo, kabla virusi havijaingia kwenye neva. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.