Dama na eshe: kumfungia mwenzako njia si kumshinda

Tuseme ni jioni ku Kalundu, vijana wawili wa klabu wanamaliza mchezo wa eshe. Mwenye nyeupe amebaki na mfalme na malkia. Mwenye nyeusi ana mfalme peke yake, kwenye kona. Watazamaji wameanza kusimama. Mwenye nyeupe anasogeza malkia: "Hauna tena pa kwenda, ndugu yangu!" Mwenzake anacheka: "Ni kweli, sina. Basi ni sare."

Na haki ni yake.

Kosa hilo ni rahisi kwa mtu aliyekomalia dama. Ku dama, mwenye zamu akikosa njia ya kusogea amepoteza, hakuna mabishano. Eshe ina sheria yake. Ili ushinde, lazima mfalme awe anashambuliwa na asiwe na namna ya kujiokoa. Hiyo ndiyo mati. Kama hashambuliwi, lakini mwenye zamu hana hatua hata moja halali, inaitwa pati. Mchezo unaishia hapo hapo, kila mmoja anachukua nusu pointi.

Panga ubao uone mwenyewe. Mfalme mweusi h8, mfalme mweupe f6, malkia mweupe g1, zamu ya nyeupe. Malkia akipanda mpaka g7, ni mati: mfalme mweusi hawezi kumla, maana mfalme mweupe anamlinda. Akisimama g6, nyumba moja tu nyuma, ni pati: g7, g8 na h7 zote zimefungwa, lakini pale h8 mfalme hatishwi na mtu. Na ukishaachia kete, hakuna kurudisha mkono.

Sheria yenyewe imebadilika sana. Kwenye sataranji ya zamani ya Waarabu, kumfungia mfalme namna hii kulihesabiwa ushindi. Uingereza ya karne ya 17 walienda kinyume kabisa: aliyefungiwa ndiye aliyeshinda! Leo FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, linasema ni sare.

Kwa hiyo mwenye malkia, kabla ya kugusa kete, aangalie kwanza mwenzake atabaki na hatua gani. Haraka ya nini? Mfalme na malkia, wakichezwa vizuri, wanamaliza kazi katika hatua 10 au pungufu. Naye aliyebaki na mfalme peke yake asikimbilie kusalimu amri. Hatua 50 za kila upande zikipita bila kete kuliwa wala askari mdogo kusogea, ana haki ya kudai sare.